Kibuyu Kilichokataliwa Murera

Watu wengi wa huku kwetu wanamjua dada yangu Waithira kwa ile video. Ameshika kibuyu, wazee wamesimama mbele yake, na chini kuna maandishi mekundu yanayosema mjane amefukuza wazee wa mila. Wameona hilo tu. Mimi na yeye tumetoka tumbo moja, na siku hiyo nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumsikia akipumua. Si mtu wa kuongea mbele za watu, kwa hivyo nimeona heri niandike.

Waithira ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko Mugutha, kati ya duka la vyakula vya mifugo na kinyozi. Anashona sare za akina mama wa kanisa, na anashona pia zile nguo za kahawia zenye shanga ambazo wasichana wa siku hizi huvaa siku ya ruracio, yaani siku ambayo familia mbili huketi kuzungumza mahari. Wako maharusi wengi kuanzia Ruiru hadi Thika ambao mavazi yao ya mila yamepita kwenye cherehani yake. Naanza na hilo kwa sababu kuna waliosema kwamba anachukia mila. Hachukii. Anazijua kwa mikono.

Mume wake aliitwa Githae, dereva wa lori la mawe ya kujengea. Alikuwa mtu mcheshi na mwenye nguvu, lakini pombe ilimshika vibaya. Kuna wakati lori lilikuwa linakaa siku nzima nje ya baa na mawe yakiwa bado yako juu. Wanawake wenzake Waithira walimwambia aondoke na mtoto. Hakuondoka, wala hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliomba, akashona, akafunika chakula cha mumewe kwa sahani nyingine na kwenda kulala.

Jumapili moja Githae aliingia kanisani mwenyewe katikati ya ibada. Alikuwa ananuka. Akakaa benchi la nyuma kabisa, na watu waliokuwa kwenye benchi lile wakasogea polepole mpaka akabaki peke yake. Waithira alikuwa mbele na kwaya. Alishuka katikati ya wimbo, akatembea mpaka nyuma akiwa na sare yake, akaketi kando ya mumewe, akaendelea kuimba kutoka pale. Sijui kama ni siku hiyo Githae aliokoka moyoni au ni baadaye, lakini najua aliacha. Aliacha kabisa, hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza kabla ya kuinywa. Waliishi miaka mizuri baada ya hapo, wakanunua ploti Murera, wakajenga. Kisha figo zikamwangusha. Tulimzika kwenye ploti ile ile, kando ya migomba.

Ndugu mkubwa wa Githae anaitwa Bedan. Ana nyumba za kukodisha kule Kiuu, na miaka ya karibuni ameingia kiama, lile baraza la wazee wa mila. Alitoa mbuzi wake inavyotakiwa, akapewa fimbo, na watu wanamsikiliza. Nisieleweke vibaya, Bedan si mtu mbaya. Githae alipougua, yeye ndiye aliyekuwa anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Lakini kanisa la dada yangu na kiama havipatani hata kidogo. Wa kanisani wanasema mambo ya mababu ni giza. Wa kiama wanasema kanisa limetufanya wageni kwetu. Redio za Kikuyu zinapenda sana ugomvi huo, maana watu hupiga simu mpaka laini zinajaa.

Basi Jackie, mtoto wa pekee wa Waithira, akapata mchumba. Jackie anafanya kazi kwenye duka la dawa Thika mjini, na kijana anaitwa Kaloki, fundi wa umeme, Mkamba wa Matuu. Kijana mpole. Siku ya ruracio ikapangwa, na kwa kuwa baba ya Jackie hayuko, kiti cha baba kikawa cha Bedan. Bila yeye na wazee wa upande wa Githae hakuna mazungumzo. Hiyo ndiyo desturi yetu, na dada yangu hakuwa na ubishi nayo.

Bedan alimpigia simu akamwambia kwamba kabla wakwe hawajaingia, wazee watapita kaburini kumjulisha Githae. Watamwaga muratina, ile pombe yetu ya asali, wataje mababu mmoja mmoja na kuomba baraka kwao. Waithira akamwambia yeye hilo haliwezi, kwa upole, kama mtu anavyomwambia shemeji mkubwa. Bedan akajibu kwamba wataongea. Kwetu mtu hamwambii mkwe au shemeji hapana ya moja kwa moja. Waithira aliposikia wataongea, akaelewa kwamba Bedan amekubali. Na Bedan, kwa kuwa dada yangu hakurudi kuongea, akaelewa kwamba ni yeye aliyekubali. Kila mmoja akaenda kulala na furaha.

Siku ikafika. Tenti zilikuwa zimesimama, sufuria zinachemka, na wakwe walikuwa wamesimamishwa langoni wakiimba na kuomba kufunguliwa, na akina mama wetu wakiwajibu kwa wimbo kutoka ndani. Ndipo nikaona Bedan na wazee wake wanazunguka nyumba kuelekea kwenye migomba. Bedan alikuwa na kibuyu. Nyuma yao alikuja jamaa mmoja anaitwa Gachanja, mwenye kipindi chake cha mila kwenye mtandao, na kamera begani. Bedan alikuwa amemwalika kwa nia njema, watu waone jinsi kazi inavyofanywa.

Nilikimbia jikoni kumwambia dada yangu. Alifuta mikono kwenye aproni, akatoka, akafika kaburini wakati kizibo kimeshatolewa. Alishika kibuyu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Bedan hakukiachilia.

"Shemeji, naomba hiki," Waithira akasema.

"Cha nini, Mama Jackie?"

"Nikuwekee jikoni, uende nacho jioni. Hapa hakimwagwi."

Mzee mmoja akasema kwamba mwanamke hasemi mahali kama hapa. Mwingine akauliza kama huyu aliolewa na Githae au aliolewa na pasta, na wakacheka. Waithira alingoja wamalize kucheka.

"Githae aliiacha pombe mwenyewe, akiwa na nguvu zake," akasema. "Nyinyi mliona ilivyomgharimu. Sasa mnataka kumrudishia leo kwa sababu hawezi kuwakataza? Basi nitamkatalia mimi. Na mababu sitawaomba kitu. Nina wa kumwomba."

Bedan akamuuliza, "Kwa hivyo unachagua? Kanisa au sisi?"

"Sichagui leo. Nilichagua zamani, na mlikuwa mnaniona."

Hakupaza sauti. Bedan alikitazama kibuyu kwa muda, akakivuta, akakifunga. Kisha akageuka na wazee wake wote wakageuka, wakapita katikati ya tenti wakaingia kwenye magari. Kule langoni wakwe walikuwa bado wanaimba. Akina mama wetu walipoona wazee wanaondoka, wimbo uliwafia mdomoni, na wakwe wakabaki wakiimba peke yao wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Tuliwafungulia, wakala. Baba ya Kaloki, Mzee Kisilu, aliangalia vile viti vitupu vya upande wa Githae, akasema kwa heshima kwamba alikuja kuongea na wanaume wa nyumba hii na hawezi kuongea mahari nyuma ya migongo yao. Wakishapatana, atarudi. Wasipopatana, itabidi afikirie, maana hapeleki mtoto wake kwenye nyumba yenye vita. Wakaondoka. Jackie alivua ile nguo ya shanga aliyoshonewa na mama yake, akaiacha kitandani, akaenda Thika bila kuaga.

Video ilitoka siku iliyofuata. Inaanza Waithira akiwa ameshika kibuyu na inaisha aliposema hapa hakimwagwi. Yale maneno ya Githae kuacha pombe hayamo. Inaonekana tu mwanamke mkali mwenye aproni akimnyang'anya mzee. Asubuhi yake redio moja iliifanya kuwa swali la siku, na watu wakapiga simu. Mmoja alisema wajane wa siku hizi wamekosa wa kuwashika. Mwingine alisema mwanamke kama huyo angerudishwa kwao, na kwao ni kwetu, nikazima redio.

Wateja wakaanza kupungua. Msichana mmoja wa Ruiru alituma mtu wa bodaboda kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, maana mama mkwe amekataa. Waithira alikikunja vizuri, akaongezea shanga zilizobaki kwenye kifuko, akamwambia kijana aendeshe polepole.

Nilitegemea kanisani apate pumziko, lakini huko nako kulikuwa na mambo yake. Vijana wanaorusha ibada kwenye mtandao walifurahi kupita kiasi. Walimtaka asimame Jumapili atoe ushuhuda jinsi alivyoshinda mapepo ya kiama, na walikuwa wameshatengeneza tangazo lenye picha yake na moto nyuma. Mchungaji mwenyewe alikuja kibandani kumwomba. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea uzi.

"Bedan si pepo, mchungaji," dada yangu akamwambia. "Ni shemeji yangu. Nikisimama pale kumsema, nitakuwa nimefanya alichofanya yule wa kamera, ila mimi nitakuwa nimevaa sare ya kanisa."

Kwa heshima ya mchungaji niseme kwamba hakulazimisha. Lakini wapo washiriki waliomnunia. Wakasema ana uvuguvugu, kwamba anaogopa kumtangaza Bwana. Kwa hivyo kwa wazee alikuwa mkaidi wa kanisa, kwa washiriki alikuwa mwoga wa kiama, na yeye akaendelea kushona hata sare za wale waliomnunia.

Kilichomuumiza ni Jackie. Alirudi baada ya majuma mawili, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, macho yamevimba. Kaloki alikuwa bado anampigia simu, lakini baba yake alikuwa ameanza kuongea habari za msichana wa Matuu. Jackie akamsihi mama yake awaruhusu wazee warudi na wafanye yao haraka, hata asubuhi kabla watu hawajafika.

"Mum, ni kikombe kimoja tu," akasema. "Baba hatajua."

"Kama hatajua, tunammwagia nani?"

Jackie alicheka bila kutaka, kisha akalia. Mama yake akasogea akamshika, na akamwambia kwamba hata yeye anataka arusi hii, anaitaka sana, lakini hawezi kuinunua kwa kupiga magoti mahali ambapo hajawahi kupiga. Akamwambia pia kwamba hajamaliza. Niliona hapo kwamba alikuwa na jambo analifikiria.

Siku chache baadaye Gachanja naye akaja. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu ukimkuta bila kamera. Alikuwa na wazo la mdahalo. Waithira na Bedan wakae mbele ya kamera, kila mmoja atoe upande wake, watu waamue. Alisema watazamaji watakuwa wengi sana. Dada yangu alimpa chai na mkate, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi na Bedan tuna miguu. Tutatembeleana."

Jumamosi hiyo tulienda Kiuu. Alinichukua kwa sababu mjomba wa bibi arusi lazima awepo kwenye maneno kama hayo. Njiani aliniambia nikae tu, nisiseme kitu. Nilimwambia hiyo ni kazi ninayoiweza.

Mke wa Bedan, Warigia, alitupokea kwa mikono miwili. Bedan alikuwa sebuleni na gazeti, na hakuliweka chini. Waithira hakungoja chai.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema.

Gazeti likashuka.

"Si kwa sababu ya kibuyu. Kibuyu ningekikataa hata leo. Ni kwa sababu nilikujibu mbele ya wakwe na kamera, na wewe ndiye mkubwa wetu. Ilinipasa nije hapa kabla ya siku ile, nikwambie hapana ukiwa umeketi kwako. Nilinyamaza nikafikiri umekubali. Hilo ni kosa langu."

Bedan alilikunja gazeti. Kisha akasema kwamba ile video hata yeye haikumpendeza. Alimwambia Gachanja aiondoe, akaambiwa haiwezekani kwa sababu inatazamwa sana. Akasema pia kwamba hakuwa amelisikia hapana la dada yangu kwenye simu, au labda alilisikia akajifanya hakulisikia. Halafu akamuuliza anataka nini.

"Nataka uje ukae kwenye kiti cha baba ya Jackie," Waithira akasema. "Usimwombee mtoto baraka kwa aliyekufa. Mpe yako. Wewe uko hai."

Bedan akasema wazee wenzake watamcheka. Watasema ametawaliwa na mwanamke.

"Na mimi nimekutawala miaka yote hii," Warigia akasema akiwa jikoni. "Wamesema nini?"

Bedan alijaribu kukaza uso, akashindwa. Na baada ya kucheka ni kama kitu kilifunguka. Alianza kusimulia usiku mmoja wa zamani alipomsukuma Githae kwenye mkokoteni kutoka kwenye baa, mvua ikinyesha, na Waithira akafungua mlango akamshukuru kwa kumleta.

"Ulinishukuru," akasema. "Na ni mimi nilikuwa nimemnunulia."

Dada yangu akamwambia alikuwa anajua.

"Ulijua?"

"Nilijua. Chai inapoa, shemeji."

Hiyo ndiyo namna Waithira alivyo. Miaka yote ile hakuwa amesema, hata kule kaburini ambako neno hilo moja lingemwaibisha Bedan mbele ya kamera. Nilimtazama dada yangu pale sebuleni akinywa chai ya Warigia, na nikasikia fahari ambayo sijui kuiandika.

Bedan aliwaeleza wazee wenzake mwenyewe. Walimtoza mbuzi kwa kuvunja utaratibu, naye akamtoa bila kunung'unika. Wawili kati yao walisema watakuja naye, kwa sababu Githae alikuwa rafiki yao na mtoto wake ni mtoto wao. Wengine walikataa, na hiyo ni haki yao. Bedan akampigia simu Mzee Kisilu, wakaongea kama watu wazima, na siku nyingine ikapatikana.

Mara ya pili wageni walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, lakini viti vya mbele vilikuwa na watu. Bedan alifika mapema na fimbo yake na kofia yake, bila kibuyu. Waithira alikuwa amepika uji wa kuchachuka wa wimbi, ule wa sherehe zetu, na wakwe wakaunywa wakausifu. Gachanja aliomba kurekodi. Dada yangu alimkubalia kwa sharti moja, kwamba aonyeshe yote au asionyeshe chochote. Alionyesha yote, na tena akarudisha yale maneno ya kaburini aliyokuwa ameyakata. Watu walioitazama hiyo ni wachache sana. Inaonekana amani haipigiwi simu redioni.

Na wale wateja? Wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Waithira hajamwita hata mmoja.

Lakini mimi nilikuwa kwenye siku ile ya pili. Mchungaji aliomba kwa ufupi, kisha wakakaa, wakaongea, wakakubaliana, na Mzee Kisilu akacheka kwa sauti mara ya kwanza tangu tumjue. Jackie akaitwa aje na Kaloki wasimame mbele ya kiti cha baba. Bedan akasimama. Alivua kofia, akaishika kifuani. Kisha akasema kwamba baba ya huyu mtoto alikuwa mwanamume aliyeshinda vita ambavyo yeye Bedan hakumsaidia kuvipigana, na kwamba waliovipigana walikuwa Githae na Waithira na Mungu wao. Akasema leo anabariki kwa mdomo wake mwenyewe.

Na akabariki. Aliwabariki Jackie na Kaloki, watoto watakaozaliwa, Matuu na Murera. Alibariki kazi ya umeme isimdhuru kijana. Alibariki duka la dawa, ingawa alisema lisiwe na wagonjwa wengi. Alibariki cherehani ya mama ya bibi arusi, ng'ombe, mvua, wenye tenti na waliopika. Watu walikuwa wanajibu amina kila mara, halafu wakaanza kujibu huku wakiangalia sahani, maana mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, ulishapakuliwa na nyama ilikuwa inapoa. Bedan alikuwa amefumba macho, jasho likimtoka, na kila tulipofikiri amefika mwisho alikumbuka mtu mwingine.

Niliinama kwa dada yangu nikamuuliza kama nimpe ishara.

"Mwache amalize," akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuwa anayafuta. "Nilimwomba mwenyewe."